Kilobaiti 40 Zinatosha: Kutunga Gemu Mpya ya Famicom Ukiwa Ngoliba

Ukiishi Ngoliba, upande wa Thika, na una hamu ya kutunga gemu, ushauri utakaoupata kila upande ni ule ule: pakua programu kubwa ya kisasa, nunua kompyuta yenye kadi ya picha, tafuta mchoraji na mtunzi wa muziki, kisha tengeneza kitu cha kushindana na gemu za mpira na za magari zinazotoka Marekani na Japani. Mwongozo huu unakushauri kinyume chake. Chukua mashine ndogo kuliko karibu zote ambazo bado zina wachezaji, yaani Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani Julai 1983 na kuingia Marekani kwa jina la NES mwaka 1985. Jiwekee kikomo cha kilobaiti 40. Tunga gemu moja, ya skrini moja, na usiiache mpaka iishe. Ninachodai ni kwamba mtu mmoja asiye na mtaji huwezeshwa kufika mwisho na ufinyu wenyewe wa mashine hiyo, na kwamba gemu iliyofika mwisho ndiyo tu inayoweza kuchezwa na jirani, kuuzwa, au kuwekwa mbele ya mwajiri.

Mashine hii haiko mbali nawe. Watoto wengi wa Kenya wa miaka ya 1990 na 2000 waliicheza bila kulijua jina lake, kwa sababu kilichofika madukani kilikuwa nakala zilizotengenezwa Taiwan na China: kisanduku cha plastiki, padi mbili zenye nyaya, na kaseti ya rangi kali iliyoahidi mamia ya gemu huku nyingi zikiwa zile zile chache zilizorudiwa kwa majina mengine. Kizazi chake bado kipo sokoni. Kile kidude cha mkononi kilichoandikwa SUP, kinachotangazwa kuwa na gemu 400, kina chipu moja ndani yake inayofanya kazi yote ya Famicom. Kidude hicho hakina mlango wa kuongezea gemu, lakini simu ya Android, hata ya bei ya chini, huigiza mashine hii vizuri kupitia emuleta ya bure. Maana yake ni kwamba gemu utakayoitunga itakuta vifaa vya kuichezea vimeshafika mikononi mwa watu, kuanzia Ngoliba hadi Makongeni mjini Thika, na hakuna atakayelazimika kununua kitu kipya ili aione kazi yako.

Vitazame vipimo vyake kwa makini, maana hoja yote inasimama hapo. Prosesa ni Ricoh 2A03, iliyojengwa juu ya 6502 ya mwaka 1975, na inakwenda kwa kasi ya megahezi 1.79. Kumbukumbu ya kazi ni baiti 2,048. Katika hizo, 256 za mwanzo ndizo prosesa inazozifikia upesi zaidi, 256 zinazofuata inazitumia yenyewe, na 256 nyingine kwa desturi hutengewa orodha ya spraiti, yaani vile vipande vya picha vinavyotembea. Unabakiwa na baiti 1,280 za kukumbuka kila kitu kingine. Skrini ina pikseli 256 kwa 240, nayo imegawanywa vigae vya pikseli 8 kwa 8: vigae 32 kwa upana, 30 kwa kimo. Kaseti rahisi kuliko zote, ambayo watunzi huiita NROM, hubeba kilobaiti 32 za programu na 8 za picha. Kila kigae hula baiti 16, hivyo kilobaiti 8 ni vigae 512, nusu vya usuli na nusu vya spraiti. Rangi zinazoonekana kwa wakati mmoja hazizidi 25. Spraiti ni 64, na zisizidi 8 katika mstari mmoja wa skrini, la sivyo ya tisa haionekani.

Sasa zipige hesabu namba hizo kwa ajili ya mtu anayefanya kazi jioni, baada ya shamba au duka. Vigae 256 vya usuli, ukichora kumi kila jioni, vinaisha kabla mwezi haujaisha. Hakuna mjadala wa mwanga na kivuli, wala wa kamera itazame wapi, wala wa mhusika kuvaa nguo ngapi, kwa kuwa mashine imeshakukatalia yote hayo. Miradi mingi ya watunzi wapya haifi kwa kukosa vipaji. Hufa kwa sababu kila uamuzi unazaa maamuzi mengine mawili na hakuna ukuta wa kuyasimamisha. NROM ina ukuta huo, na unaweza kuuona tangu siku ya kwanza: asilimia ya kaseti iliyojaa ndiyo kipimo cha kazi iliyobaki.

Huenda ukauliza kama kilobaiti 40 zinaweza kubeba gemu inayostahili jina hilo. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ina ukubwa huo huo hasa, 32 za programu na 8 za picha, na ina hatua 32. Ukiichunguza unaona jinsi watunzi wake walivyobana. Mawingu na vichaka ni vigae vile vile vilivyopakwa rangi tofauti, na ramani za hatua zimehifadhiwa kama orodha fupi za vitu na mahali pa kuviweka, badala ya kuandika kila kigae. Mfano wa karibu zaidi na hali yako ni Micro Mages, iliyotolewa mwaka 2019 na kikundi kidogo cha Morphcat Games. Hiyo ni gemu mpya, ya wachezaji hadi wanne, iliyotungwa miaka zaidi ya thelathini baada ya mashine yenyewe kutoka, nayo imeingia katika kilobaiti 40. Watunzi wake walitegemea sana ulinganifu: mashine inaweza kugeuza spraiti kushoto kwenda kulia au juu kwenda chini bila gharama, kwa hiyo adui mkubwa anaweza kuchorwa nusu tu. Mifano hii miwili inatosha kuondoa shaka kwamba nafasi ni ndogo mno. Kinachohitajika ni kujua unataka kusema nini kabla ya kuanza kuijaza.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni hili: Godot, programu ya kisasa ya kutungia gemu, ni ya bure, kuipakua hakufiki megabaiti 200, inaweza kutoa gemu za Android, na inaweza kuvalisha gemu yako sura ya kizamani bila taabu ya kuhesabu baiti. Kwa nini basi ujifunge? Yote hayo ni kweli, na kama lengo lako ni kuweka gemu kwenye duka la Google miezi miwili ijayo, tumia Godot na usiangalie nyuma. Lakini kikomo unachoweza kukiondoa kwa kubofya mara moja hakikusaidii siku unayochoka. Utaongeza rangi ya 26 kwa sababu inapendeza, kisha hatua ya pili kwa sababu nafasi ipo, kisha mfumo wa kuhifadhi mchezo, na mwaka utapita. Ipo pia tofauti ya elimu. Katika Godot, spraiti inapopotea unatafuta kisanduku cha kuteua. Katika Famicom unajua ni baiti gani katika orodha ya spraiti iliyoharibika, kwa sababu wewe ndiye uliyeiandika. Anayejifunza kwa njia ya pili huihamia ya kwanza kwa urahisi, na safari ya kurudi ni ngumu zaidi.

Wapo watakaokuelekeza kwenye Game Boy ya mwaka 1989 kupitia GB Studio, programu ya bure iliyotungwa na Chris Maltby, ambayo hukuwezesha kutoa gemu bila kuandika msimbo. Kama hujawahi kuandika programu hata ya mistari kumi, anzia huko bila aibu. Nimeichagua Famicom kwa sababu mbili tu: inachezwa kwenye televisheni na watu wawili walioketi bega kwa bega, na haikufichi kumbukumbu inatumikaje.

Vifaa vya kazi ni vichache na vyote ni vya bure. Kompyuta ya mtumba, zile zinazouzwa kama ex-UK, yenye RAM ya gigabaiti 4, inatosha kabisa. Pakua cc65, ambayo ndani yake mna kompaila ya lugha ya C pamoja na ca65 ya kuandikia asembli. Ongeza maktaba ya neslib iliyoandikwa na mtunzi anayejiita Shiru, ambayo inakupa amri tayari za kuweka spraiti, kusoma padi na kubadili rangi. Kwa kuchora vigae tumia YY-CHR. Kwa muziki tumia FamiStudio. Kwa kujaribu tumia emuleta ya Mesen, ambayo hukuonyesha kumbukumbu, vigae na rangi huku gemu ikiendelea, na kama kompyuta yako inalemewa, FCEUX ni nyepesi zaidi. Anayetegemea bando za simu afanye upakuaji wote mara moja mahali penye Wi-Fi, pamoja na kurasa za hati za NESdev, ambazo ndizo kumbukumbu kamili zaidi za mashine hii. Zimeandikwa kwa Kiingereza cha kiufundi, na hicho ni kikwazo cha kweli. Dawa yake ni kusoma ukurasa mmoja huku Mesen iko wazi pembeni na kubadilisha thamani inayoelezwa mpaka uone athari yake kwenye skrini. Hakuna kompyuta? Tovuti ya 8bitworkshop inakuwezesha kuandika na kuendesha programu ya mashine hii ndani ya kivinjari, na saa chache kwenye saiba zinaweza kukupeleka mbali. Tunza nakala ya kazi yako kwenye flashi kila jioni, maana stima haitoi taarifa inapopotea.

Anza na C. Watu wengine watakwambia kwamba gemu ya Famicom isiyoandikwa kwa asembli tupu si halali, na huo ni ushabiki. Skrini moja yenye mhusika mmoja na maadui wanne inabebwa na C bila shida. Asembli itakuja yenyewe pale utakapoona sehemu moja inakawia, na wakati huo utakuwa na sababu ya kuisoma.

Uchaguzi wa gemu ndio mahali ambapo watu hujiharibia. Sheria ninayoipendekeza ni skrini moja, kitendo kimoja, na mahali unapopajua. Karibu na Ngoliba, mto Athi unavunjika juu ya miamba pale Fourteen Falls, chini ya mlima wa Ol Donyo Sabuk ambao watu huuita Kilimambogo. Pale kuna vijana wanaovusha wageni kwa mashua na wengine wanaoruka kutoka juu ya maporomoko. Hiyo ni gemu kamili ya skrini moja: mrukaji anavuka kutoka jiwe hadi jiwe, maji yanapanda na kushuka, na mashua inapita chini kwa zamu. Kitendo ni kuruka. Ukitaka jambo rahisi zaidi, tunga bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Hali nzima ya ubao inaingia katika baiti 32, hivyo mashine inayofikiria hatua kadhaa mbele inaweza kuhifadhi nakala kumi za ubao kwa baiti 320 na bado ukabakiwa na nafasi tele. Agikuyu wana giuthi ya safu mbili, ambayo ni ndogo hata kuliko hiyo. Lakini nitaendelea na mrukaji wa Fourteen Falls, kwa kuwa anaonyesha mengi kwa pamoja.

Kabla ya kuchora chochote, hesabu spraiti kwa mstari. Mrukaji wa pikseli 16 kwa 16 hujengwa kwa spraiti nne za 8 kwa 8, mbili kwa upana. Mashua ya pikseli 32 inakula nne kwa upana. Wakiwa kwenye usawa mmoja, hao ni sita kati ya nane zinazoruhusiwa. Umebakiwa na nafasi ya mrukaji mmoja tu wa pili, na ndege anayepita nyuma yao atapotea. Hapo una njia tatu: kupunguza mashua hadi pikseli 24, kumpeleka ndege juu ambako mashua haifiki, au kuzungusha mpangilio wa spraiti kila fremu ili kupotea kugawanywe na kuonekana kama kumetameta. Njia ya pili ndiyo bora, kwa sababu inatatua tatizo kwenye karatasi kabla halijafika kwenye msimbo. Usuli nao una sharti lake: rangi hugawiwa kwa maeneo ya pikseli 16 kwa 16, si kwa kigae kimoja kimoja. Ukichora ukingo wa jiwe katikati ya eneo hilo, maji yaliyo kando yake yatalazimika kutumia rangi za jiwe. Chora miamba yako kwa vipimo vya 16 na tatizo hilo halitatokea kamwe. Pia acha safu ya kigae kimoja juu na chini bila maandishi, kwa kuwa televisheni nyingi hukata kingo.

Maporomoko yenyewe ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika kazi hii yote. Mtu wa kawaida angedhani kwamba ili maji yaanguke ni lazima uchore picha nyingi na kuzibadilisha upesi. NROM haina nafasi ya hayo, nawe huihitaji. Chora maji mara moja tu kwa mistari ya rangi tatu inayofuatana, buluu nzito, buluu nyepesi, nyeupe, kisha nyeupe hiyo ifuatwe tena na buluu nzito. Halafu kila baada ya fremu nane zungusha rangi hizo tatu ndani ya orodha ya rangi: ya kwanza iwe ya pili, ya pili iwe ya tatu, ya tatu irudi mwanzo. Kwa neslib hizo ni amri tatu za pal_col. Vigae havijaguswa hata kimoja, lakini skrini nzima ya maji inaporomoka. Na kwa kuwa Athi hugeuka kahawia mvua inaponyesha juu, badilisha rangi hizo tatu kuwa kahawia nzito, kahawia nyepesi na rangi ya mchanga, na tayari una hatua ya pili ya gemu, ya mafuriko, kwa baiti tatu. Fanya jaribio hili mapema, hata kabla ya mrukaji kuweza kutembea, kwa sababu litakupa nguvu ya kuendelea.

Kuruka kunahitaji uangalifu kuliko kitu kingine, kwa kuwa ndicho kitendo pekee ulichokichagua. Hifadhi nafasi ya wima kwa baiti mbili: ya juu ni pikseli, ya chini ni sehemu ya 256 ya pikseli. Mwendo pia uwe wa baiti mbili. Anza na mwendo wa 896 kwenda juu, yaani pikseli tatu na nusu kwa fremu, kisha kila fremu punguza 40. Mrukaji atapanda kwa takriban fremu 22 na kufika kimo cha pikseli 39, karibu vigae vitano. Panga mawe yako kwa kimo hicho: vigae vitatu ni rahisi, vinne ni vya mtu aliyezoea. Mchezaji akiachilia kitufe mapema, kata mwendo uliobaki kwa nusu, ili mguso mfupi utoe mruko mfupi. Prosesa hii haina amri ya kuzidisha wala ya kugawanya, lakini hapa kuna kujumlisha na kutoa tu, na kugawanya kwa mbili ni kusogeza biti. Kwa sababu hiyo hiyo hifadhi alama za mchezaji tarakimu moja kwa baiti moja, ili kuziandika kwenye skrini kusihitaji kugawanya kwa kumi.

Usiandike kwenye kumbukumbu ya skrini wakati picha inachorwa. Unaruhusiwa katika mwanya mfupi kati ya fremu mbili, ambao una takriban mizunguko 2,270 ya prosesa, na kupeleka orodha ya spraiti pekee kunakula 513. Ukibadilisha vigae zaidi ya thelathini hivi katika fremu moja kwa kutumia C, utaanza kuona takataka kwenye skrini. Emuleta dhaifu zitakuficha kosa hili; Mesen haitakuficha.

Jambo ambalo miongozo ya Marekani huligusia kwa haraka, na ambalo kwetu ni la msingi, ni kasi ya fremu. Japani na Marekani zilitumia televisheni za fremu 60 kwa sekunde. Kenya ilitumia mfumo wa PAL wenye fremu 50, na nakala za Famicom zilizoundwa kwa ajili ya nchi za PAL hufuata kasi hiyo, ilhali emuleta ya simu kwa kawaida itaendesha faili ile ile kwa 60. Gemu inayohesabu kila kitu kwa fremu itakwenda polepole kwa sehemu moja ya sita kwenye mashine ya 50, na muziki utaburuta pamoja nayo. Marekebisho yake yanawachanganya wengi. Mwendo unazidishwa kwa 1.2, lakini mvutano wa kushuka unazidishwa kwa 1.44, kwa kuwa unahesabiwa fremu juu ya fremu. Kwa hiyo 896 inakuwa 1,075 na 40 inakuwa 58, na kimo cha mruko kinabaki karibu pikseli 39 zile zile. Ukizidisha vyote kwa 1.2, mrukaji atapaa juu kuliko ulivyopanga na mawe yako yote yatakuwa rahisi. Toa faili mbili, moja ya 60 na moja ya 50, na uzipe majina yanayoeleweka.

Sauti nitaipitia kwa ufupi. Una njia tano: mbili za mawimbi ya mraba kwa ajili ya melodia, moja ya pembetatu isiyo na udhibiti wa sauti kubwa na ndogo, moja ya kelele, na moja ya vipande vilivyorekodiwa ambayo ni bora kuiacha kwa kuwa inameza nafasi ya programu. Mvumo wa maporomoko utachukua njia ya kelele, kwa hiyo ngoma ihamie kwenye pembetatu.

Maandishi ni yako kabisa. Mashine haina herufi zake. Kila herufi ni kigae ulichochora. Gemu ya Kiswahili inahitaji A hadi Z na tarakimu, na ukitaka Kikuyu au Kikamba unaongeza ĩ na ũ kwa vigae viwili zaidi. Hakuna mfumo wa simu wa kuomba ruhusa ili herufi hizo zikubalike.

Je, kazi hii inaleta ajira? Hilo ndilo swali la mzazi yeyote, na halistahili kupuuzwa. Hakuna ofisi Thika inayotafuta mwandishi wa programu za Famicom. Lakini linganisha vipimo. Chipu ya ATmega328P, iliyo ndani ya bodi ya Arduino Uno ambayo wanafunzi wa uhandisi huianzia, ina kilobaiti 32 za programu na kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kazi, sawasawa na Famicom yenye kaseti ya NROM. Mtu aliyeweza kutoshea mto, mrukaji, mashua na muziki katika nafasi hiyo ataandika kidhibiti cha pampu ya kumwagilia mashamba, au mita ya maji, bila kutishwa na ufinyu. Vidhibiti vya aina hiyo vinahitajika katika nchi kavu ya upande huu wa Thika kuliko gemu yoyote, na faili ya gemu iliyokamilika ni ushahidi ambao cheti pekee hakiwezi kuutoa.

Iko sababu nyingine ya kuichagua mashine iliyokwisha kufa: haitabadilika tena. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, gemu ya 3D iliyofungua njia kwa watunzi wa Kenya, kwa ajili ya kompyuta za wakati huo. Ma3Racer ya Planet Rackus ilisambaa kwenye simu za Nokia, na duka la Nokia halipo tena. Kazi nzuri hupotea pale jukwaa lake linapoondolewa. Muundo wa faili ya .nes ulianzishwa na Marat Fayzullin mwaka 1996, na faili za wakati ule bado zinafunguka leo kwenye simu iliyotoka dukani jana.

Ukimaliza, wape watu watatu wasiokujua vizuri waicheze bila maelezo, na uandike kila mahali wanapokwama. Rekebisha hayo tu, usiongeze kitu. Kaseti ya kweli ije baadaye. NROM inahitaji chipu mbili, 27C256 ya programu na 27C64 ya picha, na Famicom yenye pini 60 pamoja na nakala zake haina chipu ya kufuli kama ile ya NES ya Marekani, kwa hiyo hakuna kitu cha kukwepa. Fundi wa televisheni mwenye kifaa cha kuandikia chipu anaweza kukusaidia; muulize kwanza kama chake kinakubali familia ya 27C, na umwonyeshe mchoro wa pini, kwa sababu mpangilio wa chipu hizi hautofautiani sana na wa kaseti asilia lakini haulingani nao kikamilifu. Kaseti nyingi za bei rahisi zina tone jeusi la gundi mahali pa chipu, na hizo hutaweza kuzitumia zaidi ya ganda lake.

Upande wa haki, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazilinda programu za kompyuta kama kazi za fasihi, na ulinzi huanza mara unapoiandika. Usajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) unakupa ushahidi iwapo mtu ataiiba. Hataza za mashine ya 1983 zilikwisha muda wake, hivyo kuitungia gemu mpya hakuna anayekudai leseni. Usiweke nembo ya Nintendo popote, usichukue kigae wala wimbo wa gemu ya mtu mwingine. Faili yako kamili itakuwa baiti 40,976: kilobaiti 40 pamoja na baiti 16 za utangulizi zinazoiambia emuleta ni kaseti ya aina gani. Hiyo ni ndogo kuliko picha moja ya simu, na inapita WhatsApp kwa bando ya mwisho kabisa. Itume pamoja na maelezo mafupi ya vitufe, jina la emuleta inayofaa, na nambari ya M-Pesa kwa atakayetaka kulipa. Anza na bei ya chai na mandazi, na weka jina lako kwenye skrini ya kwanza.